Mei 2031, watoto wa Bagamoyo watoke nje

Jumatano ya tarehe 21 Mei 2031, karibu saa mbili na nusu asubuhi, jua litapatwa kipete juu ya Bagamoyo. Mwezi utaingia katikati ya jua na kuacha ukingo wa mwanga ukiuzunguka pande zote. Njia ya kivuli itaingia nchini kutoka upande wa Zambia na Kongo, ipite Nyanda za Juu Kusini, Iringa na Morogoro, kisha itokee baharini hapa kwetu. Dar es Salaam na Zanzibar nazo zimo. Ndugu zetu wa Tanga wako kaskazini zaidi, kwa hiyo anayetaka kuiona pete ikiwa imekaa katikati barabara, ateremke huku mapema.

Naandika miaka kadhaa kabla kwa sababu naijua siku hiyo itakavyokwenda tusipojipanga. Ni siku ya shule. Saa mbili na nusu watoto wako darasani, na mwalimu ambaye hakuelezwa lolote ataona njia salama ni kufunga madirisha na kuwaambia wainamishe vichwa mpaka lipite. Ombi langu kwa wazazi, walimu, masheikh, mapadri na halmashauri ni hili moja: watoto watoke nje, wakiwa na vifaa na mtu wa kuwaongoza.

Kufungiwa huko nimekuona. Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016 kipete kilipita kusini mwa nchi, na kilele chake kabisa kikaangukia kwenye ardhi yetu, upande wa Tunduru na Masasi, kwa dakika 3 na sekunde chache. Watu walifurika Rujewa kule Mbarali, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliolihangaikia jambo hili ili wananchi walielewe. Hapa pwani tulipata kipande, tena kikubwa. Mwanga wa adhuhuri ulififia, na chini ya miembe vidoa vya mwanga ambavyo siku zote ni vya duara vikageuka hilali, mamia kwa mamia, vimetapakaa mchangani. Jirani na nilipokuwa kulikuwa na shule. Madirisha yalifungwa na hakutoka hata mtoto mmoja. Simlaumu mwalimu yeyote, maana hakuna aliyekuwa amemwandaa. Lakini wale watoto walikosa somo la sayansi ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifidia, nalo lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye madawati yao.

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya wenye darubini. Mimi naona pwani tuna mwanzo mzuri kuliko watu wengi, kwa sababu tunaishi kwa mwezi. Mvuvi wa Bagamoyo hahitaji kuambiwa lini ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na lini ni maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Anajua bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Basi jua halipatwi ila mwezi ukiwa umefichika, kati ya mwisho wa mwezi mmoja na mwandamo wa mwingine, maana ndipo unapopita upande lilipo jua. Ina maana kila jua likipatwa, bamvua iko jirani. Asubuhi ile maji yatakuwa yanakupwa, na ufuko utakuwa mpana wa kutosha kusimamisha shule nzima.

Na mtoto atauliza: kama mwezi hupita huko kila mwezi, mbona jua halipatwi kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya jua angani, kwa hiyo mara nyingi hupita juu kidogo au chini kidogo. Akiuliza kwa nini safari hii ni pete na si giza kamili, jibu ni umbali. Mwezi haukai mbali nasi kwa kiasi kilekile siku zote. Huja karibu hadi kilomita 360,000 hivi na kwenda mbali hadi zaidi ya 400,000. Ukiwa mbali huonekana mdogo, hauwezi kulifunika jua lote. Mtoto wa darasa la nne anaelewa hayo akishika embe kwa mkono mmoja na kulisogeza mbele ya jicho lake, karibu na mbali.

Kwa sisi Waislamu kuna jambo la ziada. Siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume akawakatalia, akafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, na akawaelekeza kwenye swala na dua. Mimi katika hayo naona ujasiri mkubwa. Mtu amefiwa na mtoto mdogo, umma wote uko tayari kuamini kuwa mbingu zimeomboleza pamoja naye, naye anakataa. Tangu nilipoyatafakari vizuri, habari za balaa na nuksi zinazovumishwa kila jua likipatwa zimekuwa hazinipiti kooni. Msikiti na shule havina sababu ya kugombania asubuhi hiyo. Swala ya kupatwa kwa jua ina rakaa mbili, kila rakaa na rukuu mbili, na tukio zima tangu mwezi unapoanza kulimega jua hadi unapoliachia huchukua zaidi ya saa mbili. Muda wa kuswali upo, na muda wa kutazama upo.

Sasa macho. Hapa sitaki mtu aseme sikusisitiza. Kipete hakina hata sekunde moja ya kutazamwa kwa macho matupu, hata pale pete inapokamilika, kwa sababu ukingo ule unaobaki ni jua lenyewe. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, haina hisia ya maumivu. Mtoto anaweza kuungua bila kujua, akaja kugundua baadaye kuwa katikati ya kila anachokitazama kuna doa. Filamu ya eksirei haifai. Kioo kilichopakwa masizi hakifai. Miwani ya jua ya kawaida, hata ya bei mbaya, haifai, na kutazama jua ndani ya ndoo ya maji ni hatari vilevile. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kutazamia jua yenye kiwango cha ISO 12312-2, au kioo cha kuchomelea namba 14. Nasisitiza namba, kwa kuwa vioo vingi walivyo navyo mafundi wetu ni vya namba za chini kuliko hiyo. Usiazime kabla ya kusoma kilichoandikwa.

Lakini shule isiyo na hata shilingi ya miwani haina kisingizio, na jambo hili ndilo ningependa kila mwalimu alishike. Chukua kipande cha boksi, kitoboe tundu dogo kwa msumari mwembamba, lipe jua mgongo, na uache mwanga upite tunduni uangukie ukutani. Ukisimama mita 2 kutoka ukutani, utapata picha ya jua yenye upana wa karibu sentimita 2, na watoto wataiona pete wakiwa wameliacha jua nyuma yao. Chekeche la jikoni litatoa pete nyingi kwa mpigo. Saa hiyo jua litakuwa bado chini, upande wa bahari, likimulika kuta zote zinazotazama mashariki. Bagamoyo tuna kuta hizo, za mawe, pana, zilizopakwa chokaa, Mji Mkongwe mzima. Nawaza wanafunzi wa Chuo cha Sanaa wakija na ngoma zao na wenzao wa shule za msingi wakija na maboksi yaliyotobolewa. Sioni kwa nini isiwezekane.

Kuna wasiwasi wa mawingu, na ni wa haki. Mei masika huwa haijaaga vizuri, na asubuhi za pwani zinaweza kuamka zimeziba. Wingu jembamba halizuii kuona, ila lisimfanye mtu avue miwani. Wingu zito litatunyima pete, hilo hatuna la kulifanya, ingawa kufifia kwa mwanga kutahisiwa hata hivyo. Nisingependa wasiwasi huo uwe sababu ya kutojiandaa. Mkulima wa Kiwangwa hupanda bila kuhakikishiwa mvua.

Na kabla ya hapo tuna siku ya mazoezi. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kwenye njia inayopita Misri hadi Saudi Arabia na Yemen. Luxor watakaa gizani kwa zaidi ya dakika 6, na Makka yenyewe imo ndani ya njia. Sisi huku, Bagamoyo na Tanga, tutapata kipande tu, mchana. Kipande kinatosha kujifunzia. Shule ijaribu maboksi yake siku hiyo, ione ni mwalimu gani anayeweza kusimama mbele ya watoto mia moja akawaweka salama. Kituo cha afya kipeleke mtu wa kueleza habari za macho. Miwani ya ISO iagizwe mapema, isije kusakwa wiki ya mwisho ambapo feki zitakuwa zimejaa sokoni.

Mtoto aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 2024 atakuwa na miaka 7 hivi asubuhi ile, mwanzoni kabisa mwa shule ya msingi. Kamati za shule zianze na huyo. Ziandike kwenye ratiba ya mwaka 2031, tangu Januari, kwamba Jumatano ya tarehe 21 Mei vipindi vya asubuhi vitafanyika ufukweni.