Ndege ikigeuzwa njia, alaumiwe nani?

Abiria aliyekata tiketi ya Dar es Salaam akajikuta Mombasa ana haki ya kununa. Tatizo ni kwamba lawama zake za kwanza humwangukia rubani, na hapo sikubaliani naye.

Ndege kubwa ya abiria hairuki ikiwa na mafuta ya kufikia inakokwenda tu. Huongezewa ya kuifikisha uwanja mbadala, na juu yake akiba ya mwisho ambayo, kwa ndege za jeti, ni ya dakika 30 za kuzunguka angani. Kwa hiyo uwanja "usiotarajiwa" mara nyingi ulishaandikwa kwenye mpango wa safari kabla abiria hajafunga mkanda. Iwe ni ukungu, radi au njia ya kurukia iliyozibwa, rubani anapiga hesabu moja: nisubiri hadi saa ngapi? (Mgonjwa mahututi au mlevi anayepiga wahudumu ni habari nyingine, hapo hakuna kusubiri.)

Kuchelewa kuamua kunaua. Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa kwa zaidi ya saa moja ikingoja kutua New York. Uwanja wake mbadala ulikuwa Boston. Marubani waliomba kipaumbele bila kutangaza dharura, na mwishowe hata Boston ikawa haifikiki. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka, watu 73 kati ya 158 wakafa.

Lakini wanaodai kwamba kugeuza njia ndiyo salama siku zote nao wamezidisha. Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilikuta ndege ndogo imekwama kwenye njia ya kurukia. Ikaishia kutua uwanja wa Arusha, wenye njia ya takriban mita 1,600 tu, chini ya nusu ya ile ya Kilimanjaro. Ikapitiliza lami hadi kwenye majani. Ni bahati kwamba hakuna aliyeumia. Uwanja wa jirani si lazima uwe unaifaa ndege yako.

Malalamiko ninayoyaunga mkono ni ya baada ya kutua. Uhamiaji huenda wasiruhusu watu kushuka, ngazi za kimo kinachofaa huenda hazipo, na saa za kazi za marubani zikiisha, lazima waletwe wengine. Hayo yote yanaeleweka, ila si kisingizio cha kuwaacha watu na njaa bila taarifa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inalisamehe shirika fidia ya fedha pale hali mbaya ya hewa inapovuruga safari, lakini chakula na malazi hailisamehi. Naona ni haki. Rubani hakuchagua ukungu. Ofisi iliyouza tiketi, kwa upande wake, ina simu, ina mawakala, na jina la uwanja mbadala inalo tangu kabla ndege haijaruka.