Dhahabu ya Mita Moja na Nusu

Asubuhi hii Mama Salma alikuwa anafua. Mtu akifua anapekua mifuko, hiyo ni haki yake, hakuna mahakama itakayomgusa. Kwenye suruali yangu ya kaki akachomoa risiti, akaikung'uta povu, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari ili na wapangaji wa uani wapate: "Waya, HDMI, gold, moja, elfu themanini na tano." Akanyamaza kidogo. "Baba Salma, hiyo dhahabu iko wapi niivae Jumamosi kwenye harusi?"

Ndiyo maana mnaniona nimekaa hapa barazani na chai ya rangi iliyopoa. Ndani hakukaliki. Mimi nilimwambia ule waya wa HDMI, wa kupeleka picha na sauti kwenye TV, ulikuja na TV, bure, zawadi ya dukani.

Jamani, mimi si mjinga. Nina kitambulisho cha taifa, nina watoto watatu, na msiba ukitokea mtaa huu mimi ndiye ninayeshika daftari la michango. Mtu anayeaminiwa daftari la michango hawezi kuwa mjinga. Ila Kariakoo ni Kariakoo.

Sababu ya kutafuta TV mnaijua. Kibanda umiza. Dabi ya Simba na Yanga unaiangalia kupitia kwapa la mtu, benchi lina msumari, goli likiingia wote wanasimama, wewe unaona migongo, ukiuliza nani kafunga unaambiwa kaa chini mzee. Nyumbani ipo ile ya chogo, nchi 14, ambayo mpaka uipige kofi ubavuni ndiyo ikumbuke kazi yake. Nikachukua mkopo wa kikoba. Nikapima nafasi kwenye shokesi kwa futi ya fundi cherehani. Nikaondoka nyumbani na akili timamu na namba moja kichwani: nchi 43.

Nimeshuka Msimbazi, hata barabara sijavuka, winga kanishika mkono. Winga hana duka, hana mzigo, ana mdomo na viatu vilivyolika upande mmoja.

"Mzee wangu, TV? Nchi ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Achana na arobaini na tatu, hiyo ya gheto. Chukua nchi 55!"

"Kijana, nchi 55 ni Umoja wa Afrika mzima. Mimi nina sebule tu."

Hakucheka. Winga halipwi kwa kucheka. Akaniburuza hadi Aggrey, tukapanda ngazi, tukapita duka la mapazia, tukapita mtu anayekula chipsi, tukaingia ukumbi wenye TV kama thelathini ukutani, zote zinaonyesha kasuku mmoja. Kasuku mwekundu mpaka unajiuliza huyu ndege anakula nini.

Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole, miwani imening'inia kifuani. Hakuniuliza nataka nini, akaniuliza kama daktari: "Unakaa umbali gani na TV?" Nikasema mita mbili hivi, mbili na nusu nikinyoosha miguu. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikaanza kujihisi mgonjwa.

Akanieleza aina. Hii LED, hii QLED, ile kule ya milioni nne OLED. Nikauliza tofauti. Akasema, bila kupepesa macho: "Q ni kwaliti. O ni orijino." Nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anahakikisha tu kwamba na yeye anajua. Kumbe LED na QLED ni kioo kilekile kinachomulikwa na taa kwa nyuma, ila Q kimeongezewa tabaka la chembe ndogo za kunawirisha rangi, na OLED ndiyo ambayo kila nukta inawaka yenyewe na kuzima yenyewe. Hayo nimeyajua juzi. Siku ile nilijua kwaliti na orijino.

Nikachagua LED ya nchi 43, 4K, yaani ile yenye nukta nyingi za picha, laki sita na themanini. Jina lake linafanana sana na jina lile kubwa, herufi moja tu imekaa vibaya. Nikaweka pesa mezani. Biashara imekwisha, si ndiyo? Winga kashaanza kunyoosha mgongo.

"Na waya?" akauliza muuzaji.

"Waya si umo kwenye boksi?"

Duka likanyamaza. Nawaambia hata kasuku alinyamaza. Muuzaji akavaa miwani. Akainama chini ya kaunta akatoa boksi dogo jeusi, akalifungua kwa vidole viwili kama anayefungua pete ya uchumba. Ndani, kwenye sponji, amelala waya mmoja mnene, amevikwa soksi ya nailoni, ncha zake zinang'aa.

"Dhahabu," akasema.

"Ya Geita?"

"Mzee, dhahabu ni dhahabu. Hii ndiyo inapitisha picha yote. Huu mwingine wa elfu nane," akaushika ule wa kawaida kama mtu aliyeokota panya kwa mkia, "unapitisha picha nusu. Nyingine inabaki njiani."

Nikataka kuuliza inabaki njiani sehemu gani, lakini winga akadakia: "Mzee wangu, mtu ananunua Prado anaifunga matairi ya bajaji?"

Nikasema sina Prado. Muuzaji akasema ngoja uone kwa macho yako. Akaniweka katikati ya TV mbili. Kushoto waya wa dhahabu, kulia waya wa elfu nane. Kasuku wa kushoto anawaka. Kasuku wa kulia amepauka kama kafuliwa na sabuni ya mche, anaonekana hata kuku wa kienyeji anamzidi afya.

"Umeuona huo unyoya wa shingoni?"

"Upi?"

"Ule wenye kijani ndani ya bluu."

Nikasogea. Nikakodoa. Akaja mteja mwingine, baba mmoja na mkoba wake, akasimama nyuma yangu akasema, "Aaah, unyoya ule pale, unaonekana kabisa." Winga akauona. Kijana wa kubeba mizigo akauona kutoka mlangoni. Dada wa risiti, ambaye hakuwa hata ameangalia, akasema kweli unaonekana. Watu watano wananiangalia mimi, mshika daftari la michango, wanasubiri kujua kama macho yangu ni ya kimaskini.

"Naam," nikasema. "Sasa nimeuona."

Wallahi sikuona kitu. Ila kwa elfu themanini na tano niliuona.

Wakati tunatoka niligeuka nyuma, nikamwona yule kijana wa mizigo kashika rimoti ya TV ya kulia anabonyezabonyeza, na kasuku wake taratibu anarudiwa na damu usoni. Nilimwona kabisa. Nikajiambia anafuta vumbi.

Pesa ya kirikuu ikawa imeishia kwenye waya, nikapanda bodaboda na boksi limesimama katikati yetu, maana TV hailazwi, ikilazwa kioo kinaweza kupasuka na kioo hakimo kwenye warranty. Upepo ulitupeleka upande wa Temeke bila idhini yetu.

Nyumbani tukaiwasha. Kitu cha kwanza ikaniuliza swali: nyumbani au dukani? Nikajibu ukweli, dukani, si ndiko nilikoinunulia? Siku tatu, ndugu zangu. Siku tatu TV inawaka mwanga wa kuchomelea mageti, maandishi yanapita chini kusifia kioo chake yenyewe, nikipunguza mwanga baada ya muda inajirudisha, umeme wa luku unayeyuka kama barafu ya mia. Mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama tunauza.

Halafu tukafika kwenye king'amuzi.

King'amuzi chetu nilikinunua 2013, kwa lazima, maana usiku wa kuamkia mwaka ule mitambo ya analojia ilikuwa imezimwa Dar es Salaam, ukiwasha TV unakuta giza. Nikakigeuza nyuma nikiwa na waya wangu wa dhahabu mkononi. Nikatafuta tundu. Nikakigeuza tena. Kina matundu matatu ya mviringo, njano, nyekundu na nyeupe, na pa kuchomeka antena. Tundu la HDMI hakuna. Mama Salma akauliza vipi, nikasema nasubiri kipoe.

TV mpya nayo ile rangi tatu haina, ina kitundu kimoja chembamba kinachotaka kichwa chake, elfu tano, dukani kwa Mangi. Nikanunua. Kwa hiyo picha inayoingia kwenye TV ya 4K ya Baba Salma inapita kwenye waya wa njano uliokuja na king'amuzi miaka hiyo, umefungwa na plasta ya kidonda. Waya wa dhahabu upo juu ya shokesi, kwenye sponji lake, unatuangalia.

Jumapili akaja mpwa wangu, anasoma mambo ya kompyuta chuo. Hii HDMI ilitoka mwishoni mwa 2002 na yeye kazaliwa mwaka huohuo, ndiyo maana wanaelewana. Akaiangalia TV akaguna. Akasema, mjomba, hii ina nukta zaidi ya milioni nane, hiki king'amuzi kinaleta laki nne na kidogo. Akapiga hesabu kwenye simu: nukta moja inanyooshwa ijaze nafasi ya ishirini. Nikaelewa palepale, hiyo ni robo kilo ya nyama kwenye msiba. Ndiyo maana wachezaji wanaonekana kama wamechorwa kwa kidole.

Nikamwonyesha waya. Akauliza bei. Nikasema tuache bei.

"Mjomba, humu zinapita sifuri na moja tu. Mtu akikutumia elfu kumi kwenye simu, simu yake ikiwa ya laki nane, elfu kumi inakufikia ikiwa mpya zaidi?"

"Hapana."

"Basi. Ikifika imefika. Waya mbovu hautapausha rangi, utakuletea vidoti vinavyometameta au picha ikate kabisa. Kwa mita moja na nusu wa elfu nane unatosha. Ghali ungeufikiria ukitaka mita kumi na tano, toka sebuleni mpaka chumbani, huko ndiko wa bei rahisi unaishiwa pumzi."

"Na dhahabu?"

"Haishiki kutu. Ni ya kupaka, mjomba. Rangi haiongezi."

Mnisamehe, lakini kosa langu lina historia. Bara tulichelewa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, huku kwetu vituo vya kwanza vikaanza 1994, na mimi ndiye niliyekuwa mlingoti wa nyumba. Baba ndani, mimi juu ya bati na antena. "Zungusha! Rudisha! Hapohapo, usipumue!" Nikikohoa, chenga. Kunguru akitua, chenga. Siku nyingine kila mchezaji ana pacha wake anamfuata nyuma, timu inacheza watu ishirini na wawili. Enzi hizo waya ukiwa mzuri unauona mzuri kwa macho. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimwambia elfu themanini na tano zinaondoa chenga, atalipa. Chenga zenyewe zilishakufa, mimi nikaenda kulipa rambirambi.

Mpwa akachomeka kompyuta yake, kwanza kwa waya wa dhahabu, kisha kwa wake wa elfu nane uliokunjika shingo. Mama Salma akaitwa kutoka jikoni aamue bila kuambiwa upi ni upi. Akafuta mikono kwa kanga, akaangalia, akasema wa pili mzuri zaidi. Wa pili ulikuwa wa elfu nane. Ningemnyang'anya rimoti, ila hakuwa nayo.

Hayo yalikuwa Jumapili na yangeishia hapo, maana "zawadi ya dukani" hata ikishindwa ni zawadi. Leo risiti. Viatu vya shule vya Salma vimepasuka kisigino, hilo nalo limeshasemwa, mara mbili, mara ya pili kwa majirani. Na boksi la TV limo chumbani, halitupwi kwa sababu ya warranty, usiku nikiamka nalipiga goti. Na ile ya chogo iko koridoni, hakuna anayeitaka hata bure, mtoto wa jirani kasema ni microwave.

Mnasikia hiyo spika? "Vyuma chakavu, betri mbovu, mafeni mabovuuu..." Jana nilimsimamisha. Akaigongagonga ya chogo mgongoni kama mtu anayenunua tikiti, akasema elfu tatu, ndani ina shaba ya kutosha. Nikamuuliza, na hizi flati? Akasema flati hazina kitu, mzee, hizo siku zikifa tunazipita. Nikataka elfu saba. Akasema tatu na mia tano. Wewe, wa chakavu! Ewe! Simama hapo, usikate kona, leo naanzia elfu sita.