Dagaa hawana mweka hazina

Juzi nilikaa kwenye semina ya uongozi wa vikundi hapa Tanga mjini, feni inazunguka lakini joto liko palepale. Mtoa mada akatuwekea video ya samaki: maelfu wanageuka kwa mkupuo mmoja, mkubwa wao haonekani. Akasema sayansi mpya inaonyesha taasisi ni kiumbe hai, kiongozi apunguze amri, mambo yatajipanga yenyewe.

Sikumpinga haraka. Mkoa huu unayajua matunda ya fikra ya zamani, ile ya kumfanya mtu kipuri. Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Taylor alihimiza kila kazi ipimwe, wakubwa wafikiri, mfanyakazi atekeleze. Mashamba yetu ya mkonge yalikuwa na yao: kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, na watu walioitwa manamba, jina lililotokana na namba. Mkonge ulisafirishwa kweli. Lakini nani alimuuliza mkataji, aliyekuwa anachomwa na miba, kazi ingefanywaje vizuri zaidi?

Kwa hiyo sayansi mpya ina hoja. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, alirudia hesabu kwenye kompyuta akiingiza 0.506 badala ya 0.506127. Kwa tofauti hiyo ndogo, hali ya hewa aliyoipata ilikuja kuwa nyingine kabisa. Wanaotuandikia mipango ya miaka mitano mpaka bei ya chai ya kikao wangelitafakari hilo. Mwaka 1986 naye Craig Reynolds, mtaalamu wa kompyuta, alitengeneza ndege wa kompyuta wenye kanuni tatu tu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea, usiachwe nyuma. Wakaruka kama kundi, bila jemadari.

Mtoa mada akaongeza mwanafizikia Heisenberg: ukikitazama kitu unakibadilisha, basi tusikaguane sana. Hapo alinipoteza. Kanuni ile ya 1927 inahusu chembe kama elektroni. Mweka hazina anayebabaika akiona mkaguzi si elektroni.

Kesho yake alfajiri nilikwenda Deep Sea, wanakoshusha samaki hapa Tanga, siku za giza la mwezi, mashua za dagaa zinaingia. Nikamwamkia nahodha mmoja mzee, nikamsimulia ile video. Akakubali nusu. Wavu ukishazungushwa, alisema, hakuna muda wa kuamrishana. Kila mmoja anaijua kamba yake, na anayengoja aambiwe anatukosesha samaki. Kisha akanionyesha kwa kidevu watu waliochuchumaa kuzunguka daftari lililolowa pembeni: mafuta yanatolewa kwanza, halafu fungu la chombo na nyavu, halafu mabaharia.

“Dagaa hawagombei mgao, mwanangu.”

Nadhani mzee ameugusa mfupa. Samaki hana ada ya mtoto wala shemeji wa kumwingiza kazini. Watu wanaweza kuvuta pamoja usiku na kudanganyana asubuhi, na kiongozi anayesema “mfumo utajipanga” mara nyingine anakwepa kuulizwa pesa ziko wapi. Mfano wa samaki unafaa kwenye kamba. Kwenye daftari haufai.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Baada ya semina mwenyekiti alipendekeza tubaki na kufuli moja, tuaminiane kama kundi la samaki. Tulipiga kura Jumamosi. Mimi nilitaka zibaki tatu, na ufunguo wangu bado ninao.