Kanga Iliyokimbia Ngamiani Haikuwa Jini

Jamani, kabla hamjaendelea kurushiana kwenye magrupu ile sauti ya kwamba nafuga jini ndani ya kanga na kulipigisha mswaki, nisikieni mwenyewe. Sifugi jini. Sijawahi kumpigisha jini mswaki. Aliyekuwa ndani ya kanga ni Marashi, paka wangu, yuleyule mnayemfukuza kwenye ndoo za samaki.

Marashi mnamjua kwa wizi, kinywa chake hamkijui. Akipiga miayo, wageni wanakagua soli za viatu. Daktari wa mifugo alimfunua mdomo, akanionyesha fizi zilivyoiva wekundu pembezoni mwa meno. Akasema ule utando wa uchafu kwenye meno ukiachwa unakauka kuwa ugaga, na ugaga ukishashika, mswaki hauutoi, mpaka paka apigwe dawa ya usingizi akwanguliwe. Wake bado mwepesi, nimsafishe nyumbani. Dawa yetu ya meno marufuku, maana paka hajui kusukutua akatema, atameza yote. "Anza taratibu. Siku za mwanzo mlambishe tu supu kidoleni, azoee kuguswa mdomo."

Taratibu ya nini? Mie niliyeshika pweza mzima mzima!

Basi jana, magharibi imeshaswaliwa, umeme umekatika, nikachovya mswaki laini wa mtoto kwenye supu ya jodari, nikamviringisha Marashi kwa kanga iliyokuwa kambani. Kanga ya mama mkwe. (Mke wangu, ukifika hapa pitiliza.)

Upande wa kulia, raha mustarehe. Nainua shavu, brashi naiinamisha kwenye ufizi, nasugua kwa nje tu, maana ndani ulimi wake wenye miiba unajitegemea. Paka mzima ana meno 30, nikajiona nusu ya kazi nimeimaliza.

Nikahamia kushoto.

Sikio moja likalala. La pili likalala. Nikaliona gego la nyuma, nikasogeza gumba kulipisha brashi, na gumba ndilo lililofika kwanza. Wadau, sauti niliyoitoa hata mimi sikuijua ni ya nani. Nikaachia. Kanga ikaanguka sakafuni. Ikasimama. Haina kichwa, haina miguu, ikageuka huku, ikageuka kule, ikaona mwanga wa taa ya muuza kahawa, ikatoka.

Sasa jiweke wewe kijiweni. Giza, Tanga hii mnayoijua sifa zake, na kanga inakuja peke yake usawa wa magoti inanguruma. Mzee mmoja anaapa aliyasoma maandishi ikipita: HASIDI HANA SABABU. Mwingine akaanza Ayatul Kursiyu, akarukia katikati, akarudi mwanzo. Bao likapinduka. Na aliyepanda juu ya benchi na kikombe mkononi, akimwita mama yake, ni huyohuyo bwana aliyewarushia sauti. Hilo hakulisema, eh?

Kisha nikatokea mimi. Kifua wazi, gumba linachuruzika damu, mswaki juu:

"Mwanangu, rudi! Bado upande wa kushoto!"

Kimya. Mzee wa bao akaniangalia kutoka chini mpaka juu. "Kijana, unamwita nani mwanao?"

Marashi akanaswa chini ya mkokoteni. Jeraha nikaliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, nikaenda kuanzishwa sindano za kichaa cha mbwa. Nesi akataka kujua paka aliniumaje, nikasema nilikuwa namlisha. Marashi leo kalamba supu kwenye kidole cha mwisho, akaondoka zake. Tunakwenda taratibu.

Kanga imechanika pindo. Mama mkwe hataki kipande, anataka doti nzima, maandishi yaleyale, rangi ileile. Madukani wananiambia hiyo ilishakwisha zamani. Mwenye kuiona popote anishtue haraka, maana kesho anakuja mwenyewe kuichukua.