Tumbo Langu Lilivyosherehesha Mpakani

Naona DJ ameniwahi kuwamwagia ya kwake kwenye lile grupu la wasap, eti MC, yaani mimi, kadakwa Sirari, mpakani na Kenya, na dhahabu tumboni. Tangu jana jioni simu yangu haipumui. Mpaka mjomba wa Geita, ambaye hata Krismasi hanipigiagi, kapiga anauliza kwa sauti ya chini, "Zilikuwa gramu ngapi?" Haikuwa dhahabu jamani. Ingekuwa dhahabu ningeificha vizuri. Ilikuwa tableti. Tena yangu. Tena kuukuu, ina ufa kwenye kona ya kioo tangu ile sherehe ya Buswelu mtoto alipoikanyaga.

Sasa nisikilizeni mimi mwenye tumbo.

Mnajua wiki iliyopita tulikuwa Kisumu kwa harusi ya binamu, mimi MC, yeye DJ. Siku ya kwenda tulipofika Isebania (ukiingia Kenya mambo yote unamalizia upande wa kule, watu wetu na watu wao wako jengo moja, ukirudi unamalizia Sirari) huyo DJ akabeba mashine zake zote akaenda kwa watu wa forodha, akaziandikisha moja moja, mikisa, laptopu, spika mbili, na zile namba ndefu za nyuma za kusoma kwa kukunja jicho. Akapewa karatasi. Nusu saa nzima. Mimi niko kivulini natafuna hindi la kuchoma namcheka, namwambia we jamaa unaandikisha vitu vyako mwenyewe kama unavipeleka shule ya bweni? Hakujibu. Akaikunja karatasi akaiweka kwenye pochi. Hilo pochi liwekeni akilini.

Harusi ilienda freshi, siizungumzii. Ila kitu kimoja mkijue. Harusi ile ilikuwa ya mchana, kwenye tenti, na maharusi walitakiwa kuingia saa saba kamili, bila longolongo. Kwa hiyo nilirekodi sauti yangu kwenye tableti, ile sauti yangu ya kazi, na tarumbeta kwa nyuma, alafu DJ akaitegesha kama alamu ijipige yenyewe saa saba juu ya alama. Ikapiga, watu wakasimama, mama mkwe akalia, safi kabisa. Kumbe DJ alipotegesha hakuchagua Jumamosi. Alichagua "kila siku". Jumapili haikulia kwa sababu chaji iliisha, na Jumatatu asubuhi kabla ya kuondoka mimi kwa mikono yangu hii nikaichaji mpaka asilimia 100.

Kwenye basi nikakaa na mama mmoja mtu mzima, wa Magu, anafanya biashara ya kwenda na kurudi. Mama mcheshi, kanipa na karanga. Nimeitoa tableti naangalia picha za harusi, akaniangalia, akaiangalia tableti, akaniangalia tena.

"Mwanangu, hicho kidude uliondoka nacho Mwanza?"

"Ndio mama, changu hiki, mwaka wa tatu huu."

"Uliandikisha ulipotoka?"

Nikanyamaza. Hindi la kuchoma likanirudia kooni.

"Mh. Basi watajuaje kama hujakinunua huko? Vitu vya umeme hivi wana macho navyo. Ushuru asilimia 25, alafu VAT 18 inapigwa juu ya bei ukijumlisha na huo ushuru." Akatema ganda la karanga. "Mi nakwambia tu."

Nikaanza kupiga hesabu. Tuseme waseme laki nne. Asilimia 25 ni laki moja, inakuwa laki tano, 18 ya laki tano ni elfu tisini, jumla laki na tisini, na hapo malipo ya harusi yenyewe binamu kaniambia "tutaongea". Jasho likaanza kunitoka mgongoni. Nikageuka kumwangalia DJ, kalala mdomo wazi, pochi mfukoni na karatasi yake.

Hapa ndo naomba msinihukumu. Mke wangu alikuwa ameniagiza mkanda wa tumbo, ile mikanda mipana ya kubana ya wakinamama waliojifungua, na rangi kanitajia, anataka wa pinki. Nilikuwa nao kwenye begi. Basi liliposimama Migori watu wachimbe dawa, nikaingia chooni na begi. Choo chenyewe nyie mnavijua, huwezi kuweka kitu chini, nimening'iniza begi shingoni, nimeuma shati kwa meno, tableti nimeilaza kitovuni inanipa baridi, nazungusha mkanda mara ya kwanza, mara ya pili, kuna watu wanagonga mlango, nikabana ile gundi yake ya kwaruu. Nikateremsha shati. Nikajiangalia kwenye kioo cha pikipiki ya mtu pale nje. Nikajiona niko sawa kabisa! Yaani nimenyooka kama bwana harusi.

Shida niliigundua nilipotaka kukaa. Inchi kumi za kioo hazikunji. Kutoka Migori mpaka Sirari nimekaa nimeegemea nyuma nimenyoosha miguu kama mgonjwa wa mgongo, mama wa Magu ananiuliza "Vipi, karanga zimekuvimbisha?"

Tukafika Sirari, tukashuka wote na mabegi. Ukumbi umejaa, mabasi mawili yameingia pamoja, wazee wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri kuitwa. Foleni inasogea. Mbele yangu mama wa Magu, nyuma yangu DJ. Na huyo mama, yule yule aliyeniua kwa hesabu, akafika mezani akafungua mfuko wake akasema kwa sauti ya kanisani, "Shikamoo afande, mimi nina pasi mbili na redio, vya kuuza, risiti hizi hapa, nipigie nilipe." NILIPE! Hakuficha hata sindano! Yaani kwenye basi zima aliyeficha ni mimi peke yangu, na nimeficha changu.

Ningerudi nyuma hapo hapo. Ila foleni haina rivasi.

Afisa alikuwa dada mmoja mtulivu. Begi langu likapita kwenye mashine. Humo ndani kulikuwa na blenda mpya kwenye boksi lake, nimemnunulia mke wangu Kisumu, inawaka kwa upya, hiyo nilisahau kabisa hata kuiwazia. Akaiangalia tu. "Ya nyumbani?" Nikasema ndio. "Risiti?" Nikampa. Na hapo, wapendwa, risiti ikanitoka mkononi ikaanguka chini.

Nikaiangalia. Na yeye akaiangalia. Watu wote wa nyuma wakaiangalia. Kuinama siwezi. Nikajaribu kushuka kwa magoti, mgongo wima, kama mtu anayepokea ekaristi, mkono unapapasa sakafu, macho nimemkazia yeye natabasamu. Tableti imenikita kwenye mbavu. Mkanda ukatoa mlio, kwaa. Nikaganda. Yule dada akasema, "Kaka, unaumwa?" Nikasema, "Hapana dada, kiuno tu."

Ikawa saa saba kamili.

Kwanza ilitetemeka. Tumbo lote. Mtu akitetemekewa na tumbo hadharani kuna sura anafanya, sikuijua mpaka jana. Alafu tarumbeta. Tarumbeta, jamani, kutoka kwenye kitovu changu, volyumu mpaka mwisho kwa sababu tuliitegesha kwa ajili ya tenti la watu mia tatu. Ukumbi ukakatika maongezi. Alafu sauti yangu, nene, ya kazi, ile ninayowachaji nayo hela nyinyi:

"MABIBI NA MABWANAAA! Kwa heshima na taadhima, tunaomba WOTE TUSIMAME!"

Na mimi mdomo nimeufunga. Nimepiga magoti, mdomo umefungwa, tumbo linaongea.

Mzee mmoja kwenye benchi akasimama. Wallahi. Akashika fimbo yake, akavua kofia, akasimama. Bibi aliyekuwa pembeni yake akamwona kasimama na yeye akasimama. Wengine wakadhani wameitwa, wakanyanyuka na mabegi. Benchi zima!

"WALE TULIOWASUBIRI KWA HAMU, SASA WANAINGIAAA!"

Basi kwenye mlango wakaingia kweli, askari wawili.

Nilijipiga tumboni nikitafuta pa kuizimia kwa juu ya shati, nimejipiga kama mara saba, na kila nikigusa inapumzika kidogo alafu inaanza upya toka tarumbeta. Yule dada kashajivuta hatua mbili nyuma, sauti imebadilika. "Kaka. Inuka taratibu. Mikono juu." Nikainua mikono, shati likapanda nayo, na pinki ikaonekana na Tanzania na Kenya, maana nimewaambia pale wako pamoja. Nimeaibika kimataifa. Nikageuka kumtafuta DJ anitetee, nikakuta nafasi yake tupu. Huyu anayewasimulia leo kama shahidi alikuwa nje ananunua soda! Hakuona hata kile kipande cha magoti!

Wakanipeleka chumba cha pembeni. "Toa, weka mezani, polepole." Na mimi nafungua mkanda wa mke wangu mbele ya watu wazima watatu, kwaruuuu, mara ya kwanza, kwaruuuu, mara ya pili, na tableti inawaimbia inavyotoka. Nikaizima. Kimya. Askari mmoja kageukia ukutani, mabega yanacheka peke yake.

Yule dada akaiwasha, akaniambia niweke namba ya siri. Picha ya mbele ikatokea: mimi na mke wangu, nyuma yetu Jiwe la Bismarck la kwetu Mwanza, miaka mitatu iliyopita. Akafungua mafaili, ratiba za harusi, Ilemela, Sengerema, Nansio, za mwaka juzi, mwaka jana. Akaangalia ule ufa. Akaniangalia mimi.

"Hii ni yako."

"Ndio afande."

"Ya siku nyingi."

"Ndio afande."

"Sasa ulikuwa unamwibia nani?"

Sikuwa na jibu, mpaka sasa sina.

Akanipa somo nimesimama pale na mkanda mkononi. Kwamba kitu chako ulichotumia, ulichotoka nacho, ukirudi nacho hakuna anayekudai. Kwamba kuandikisha wakati wa kutoka ni kwa ajili ya kujirahisishia tu siku ya kurudi, hasa ukiwa na kitu kipya au mashine za kazi, na hata kama hukuandikisha, risiti ya zamani au hizo picha zingetosha kuongea. Kwamba msafiri anayerudi akiwa amelala nje zaidi ya siku moja ana kiwango chake cha vitu vya matumizi yake anachosamehewa, ndo maana blenda haikumshughulisha, ila sio mzigo wa kuuza wala vya kubebeana, hivyo vinalipiwa kama alivyofanya mama wa Magu. Alafu akanimalizia, eti hizi tableti ziko kundi la kompyuta, na kompyuta kwa Afrika Mashariki ushuru wa forodha ni asilimia sifuri. Sifuri! Ile laki moja niliyotokea jasho ilikuwa ya kufikirika! VAT ndo ingekuwa mada, tena ingekuwa mpya. "Kinachokupa matatizo ni kuficha," akasema, "ukificha hata kitana mimi nakuwa na maswali."

Nikasema wabeja sana. Mimi sio Msukuma. Sijui ilitoka wapi.

Wakaniachia. Nikatembea kwenda kwenye basi, abiria wote washapanda wananisubiri mimi, konda kauchuna mlangoni hanisemeshi. Nikapanda ngazi ya kwanza, ya pili, nikachungulia ndani.

Basi zima likasimama.

Mama wa Magu ndo kiongozi, anapiga na kigelegele. Mpaka nimefika siti yangu wamesimama. Nikalala usingizi wa uongo Tarime, Daraja la Kirumi, Bunda, Lamadi, mpaka Nyamhongolo, stendi ya Mwanza, na kila stendi akipanda abiria mpya nasikia anasimuliwa.

Basi ndo hivo. Dhahabu hamna. Mjomba, gramu hamna. DJ bado ananidai nauli ya spika na simlipi mpaka ajifunze kutofautisha Jumamosi na kila siku. Wale mlionipigia leo mnataka tumbo liwashereheshee kipaimara Desemba, nimeziona namba zenu.

Kuhusu mkanda. Mke wangu aliupokea vizuri, akaupima, akauliza mbona umelegea gundi. Nikamwambia forodha waliukagua, ambayo ni kweli. Sasa naona kijani kimewaka hapo juu, yuko hewani anasoma. Mama watoto, niliufua kwanza.