Simuleta huria ipimwe kwa vipimo, si kwa bei yake

Ukitaja FlightGear, programu huria ya kuigiza urubani (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha), mbele ya marubani, wengi watakwambia hicho ni kimchezo cha kompyuta, kinapatikana bure mtandaoni, na kitu cha bure hakiwezi kuidhinishwa kumfundishia rubani kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutazama vipimo vya ndani bila kutegemea kuona nje. Nimelisikia hilo hapa Mwanza mara nyingi, na huwa nauliza: kwani mamlaka za anga zinaidhinisha nini hasa?

Haziidhinishi programu ikiwa peke yake. Zinaidhinisha kifaa kizima: kompyuta, usukani, pedali, paneli ya vyombo, pamoja na toleo moja la programu lililomo humo. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinamtaka anayeomba ruhusa ya kuruka kwa vyombo awe na saa 40 za vyombo. Kati ya hizo, 20 zinaweza kufanyika ardhini mbele ya mkufunzi aliyeidhinishwa, na hufika 30 ikitumika simuleta kamili. Marekani nao wana ngazi zao: kifaa cha msingi humhesabia mwanafunzi hadi saa 10, cha juu yake hadi saa 20. Na hadi mwaka 2016 walikuwa wakimlazimisha mwanafunzi avae kizuizi cha macho, cha kumzuia asione nje, ndani ya kifaa ambacho skrini yake ingeweza tu kujazwa mawingu! Wakubwa nao hujichanganya.

Kwetu jambo hili si la anasa. Usiku pepo za nchi kavu hukutana katikati ya Ziwa Victoria, na radi hukomaa kuelekea alfajiri, saa ambazo ndege za asubuhi zinajiandaa kuja. Halafu kuna karabai za wavuvi wa dagaa. Usiku usio na mwezi, taa zile chini na nyota juu hufanana, na rubani anayetazama nje anaweza kuuweka upeo wa macho pasipo pake. Sikio la ndani halimsaidii. Ndege ikigeuka polepole, linamwambia yuko sawa. Kinachobaki ni vyombo, na mazoea ya kupitisha macho kutoka kimoja hadi kingine bila kuganda kwenye kimoja. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia ziwani. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Siitaji ajali ile kama hoja ya kuuzia simuleta. Naitaja kwa sababu mtu wa huku akisikia neno mawingu, anajua ni mawingu gani.

Mazoea hayo ya macho ndiyo kifaa cha mezani kinayafundisha vizuri. Kizunguzungu chenyewe, yaani ule udanganyifu wa sikio, hakifundishi, maana kiti hakitikisiki, na anayedai kinafundisha anatia chumvi. Ila kumfanya mwanafunzi aingie kwenye mzunguko wa kusubiri, ashuke kufuata mstari wa kutua, kisha mkufunzi amzimie kipimamwinuko katikati ya kazi, hilo linawezekana bila kuchoma hata lita moja ya mafuta.

Watetezi wa programu huria wanapenda kusema uzuri wake ni kwamba mkaguzi anaweza kuusoma msimbo wote. Jamani, tuwe wakweli: mkaguzi wa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, hatakaa kusoma maelfu ya mistari ya C++, wala si kazi yake. Atapima. Ndege ya mfano, tuseme Cessna 172, inapanda kwa kasi gani ikiwa na uzito fulani? Inapoteza mbebo, ile nguvu ya mabawa inayoishikilia angani, kwenye kasi ipi? Ukivuta usukani, sindano zinajibu baada ya muda gani? JSBSim, moja ya injini za hesabu za mruko ndani ya FlightGear, iliingizwa mwaka 2015 katika ulinganisho wa NASA wa mifano ya aina hii, kwa hiyo msingi wake si wa kubezwa.

Udhaifu halisi uko kwingine. Programu huria hubadilika kila mara, na leseni yake ya GPL inasema wazi kwamba haina dhamana. Hakuna kampuni ya kupigiwa simu. Basi dhamana ibebwe na aliyekiunganisha kifaa, awe chuo au fundi: alifunge toleo moja, azime masasisho ya intaneti, aandike matokeo ya vipimo na kuyasaini. Akibadilisha kitu kinachogusa mruko au vyombo, vipimo hivyo virudiwe kabla mwanafunzi hajakaa tena kitini. Hiyo ni kazi ngumu ya makaratasi, na gharama yake inaweza kuizidi bei ya kompyuta yenyewe. Lakini ni gharama inayolipwa hapa, kwa shilingi, kwa watu wetu, na kosa likionekana kwenye taratibu za kutua Bukoba au Musoma, fundi wa hapa analirekebisha bila kuomba ruhusa ya mwenye programu ng'ambo.

Ninachoomba TCAA ni waraka mfupi wa wazi kwa ngazi ya chini kabisa: vipimo gani vinatakiwa, ukomo wa makosa ni upi, kifaa kikipita mwanafunzi atahesabiwa saa ngapi. Hata zikiwa tano kwa kuanzia, ni sawa. Mwenye kifaa cha bei ghali apite kwenye vipimo vilevile.