Usaili uishie kwenye kazi

Msimu wa korosho ukikaribia, maghala ya Mtwara yanatafuta makarani na vibarua. Nilikuwepo kwenye usaili wa ghala moja mjini hapa. Dada mmoja aliulizwa namna ya kupima unyevu wa korosho, akajibu bila kubabaika. Akapewa hesabu za uzito wa magunia, akamaliza kabla ya wenzake. Kisha msimamizi akatoa cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha, akakuta jina la kiume. Habari ya korosho ikaishia hapo. Akamwita mwenzake, wakaangalia cheti, wakamwangalia yeye, wakacheka. "Sasa wewe ni nani hasa?" Akarudishiwa bahasha yake.

Ile ni dhuluma, na iliniuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsi na jinsia, na anayeomba kazi analindwa sawa na aliyekwisha ajiriwa. Ni kweli haiwataji waliobadili jinsia kama huyu dada. Lakini mwajiri huyo akiitwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ataeleza vipi jina la kwenye cheti linavyoharibu hesabu ya magunia? Shida ni kwamba haitwi. Kulalamika ni kujianika, na kwa mji wetu huu, lililosemwa Chikongola asubuhi jioni liko Magomeni.

Kwa jirani zetu Kenya, Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alikwamishwa na cheti vivyo hivyo. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaliamuru baraza la mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Maksi zake zilibaki zilezile.

Wapo watakaoniambia sisi ni watu wa jando na unyago, mambo haya si yetu. Mimi nami nimepita humo na ninaheshimu. Kumnyima mwenzangu riziki sikufundishwa huko.

Tena ofisi hizohizo kila siku zinapokea akina mama ambao cheti kina jina la baba na kitambulisho kina jina la mume. Wanaleta kiapo cha wakili, kinaambatishwa kwenye faili, kazi inaendelea, na hakuna anayecheka. Utaratibu upo tayari. Waajiri wa Mtwara na Lindi wautumie kwa huyu dada pia, cheti chake kikihakikiwa faraghani na mtu mmoja tu.